SOMO LA ROBO HII: Neno "Lepra" na Safari Yake Kutoka Ugiriki

Wapendwa wanakamati na wafadhili, somo la safari hii linafaa kusomwa mkiwa na Biblia mkononi. Na kama katika kamati yenu yupo mtu wa zahanati, basi awepo siku mtakapolijadili, maana atakuwa na ya kuongeza.

Tunafuatilia neno moja tu: lepra. Ni neno la Kigiriki, au Kiyunani kama Biblia zetu zinavyosema. Kutokana nalo lugha nyingi za Ulaya zimepata jina la ugonjwa ambao sisi tunauita ukoma, na kijidudu chake hadi leo huandikwa maabara kwa jina la Mycobacterium leprae. Lakini Wagiriki wa kale walipolitamka neno hilo hawakuwa wakisema juu ya ukoma. Walikuwa wakisema juu ya ngozi yenye magamba, basi. Namna neno la magamba lilivyokuja kuwa jina la ugonjwa mwingine kabisa, na namna jina hilo lilivyobeba hukumu ambayo halikuzaliwa nayo, ndiyo habari tunayotaka kuieleza.

Gamba la samaki

Katika Kigiriki kuna kitenzi lepein, maana yake kumenya au kubambua, kama mtu anavyobambua ganda la mti. Kutoka hapo likaja lepis, yaani gamba, hasa gamba la samaki. Kitu chenye magamba au chenye kukwaruza kikaitwa lepros, na hali ya ngozi kuwa hivyo ikaitwa lepra.

Ukoo wa neno hili umo katika Agano Jipya mahali ambapo wengi hatupatazamii. Fungueni Matendo ya Mitume 9:18, pale Sauli alipopata kuona tena mjini Dameski. Vile vitu kama magamba vilivyoanguka machoni pake, kwa Kigiriki ni lepides. Tena Marko 12:42, zile sarafu mbili za mjane maskini huitwa lepta, kutoka leptos, yaani kitu chembamba, kilichomenywa hata kikabaki kidogo. Wataalamu wa wadudu nao wamewapa vipepeo jina lenye asili hiyo hiyo, kwa sababu ule unga wa mabawa yao ni magamba madogo sana. Basi gamba, senti ya mjane na kipepeo ni ndugu wa neno moja, na hakuna hata mmoja kati yao anayeogopwa na mtu.

Waganga wa Kigiriki nao hawakuliogopa. Katika vitabu vilivyokusanywa kwa jina la Hippocrates wa kisiwa cha Kos, ambavyo vingi viliandikwa katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, lepra hutajwa mara nyingi kwa wingi, pamoja na upele, mabaka na vipele vinavyojitokeza majira ya kuchipua. Kitabu kimojawapo kinasema wazi kwamba hali za namna hiyo ni kuharibika kwa sura zaidi kuliko kuwa ugonjwa. Madaktari wa leo wakisoma maelezo hayo huona kitu kama soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wenye magamba meupe usioambukiza mtu yeyote. Hakuna habari ya ganzi mikononi, wala ya vidole kuharibika.

Hata hivyo tusiwasafishe watu wa kale kupita kiasi. Mwanahistoria Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba kwa Waajemi raia mwenye lepra au weupe wa ngozi hakuruhusiwa kuingia mjini wala kuchangamana na wenzake, na watu walisema amelikosea jua. Kwa hiyo neno hili lilikwisha kukutana na desturi ya kumtenga mtu na kumtafutia dhambi. Desturi hiyo, kama Herodotus anavyoieleza, ni ya Waajemi; waganga wa Kigiriki wao waliona ngozi tu.

Aleksandria: neno linapata mzigo

Mabadiliko makubwa yalitokea Misri. Katika mji wa Aleksandria waliishi Wayahudi wengi waliosema Kigiriki, na kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo Torati ilitafsiriwa kwa lugha yao. Tafsiri hiyo ndiyo inayoitwa Septuaginta. Watafsiri walipofika Mambo ya Walawi sura ya 13 na 14 walikuta neno la Kiebrania tsara'ath, wakaandika lepra.

Sasa someni sura hizo mbili taratibu, bila haraka ya kuzipita kama tunavyofanya wengi. Tsara'ath humpata mtu, ndiyo. Lakini 13:47 na kuendelea inasema hupata pia nguo ya sufi au ya kitani na kitu cha ngozi. Na 14:33 na kuendelea inasema hupata kuta za nyumba, zikatokea alama za kijani au nyekundu, na mawe yakaondolewa na kuta kukwanguliwa. Kijidudu cha ukoma hakipati ukuta wala shati. Hiyo inafanana na kuvu na ukungu. Tena tazameni 13:12-13: mtu ambaye weupe umemfunika mwili mzima, kuhani anamtangaza kuwa safi. Tabibu wa ukoma akisoma hapo anatikisa kichwa, kwa kuwa ukoma hauendi hivyo. Na Naamani wa 2 Wafalme 5 alikuwa na tsara'ath huku akiwa jemadari, akiingia na kutoka mbele ya mfalme wake.

Basi tsara'ath lilikuwa jina la madoa ya namna nyingi, ya ngozi, ya nguo na ya nyumba, yaliyomfanya mtu au kitu kisiwe safi kwa ibada. Kazi ya kuhani katika sura hizo ni kukagua na kutangaza. Hakuna dawa anayoagizwa kumpa mtu.

Je, watafsiri wa Aleksandria walikosea? Mimi sioni hivyo. Walihitaji neno la Kigiriki la ngozi iliyoharibika, lenye kugusa mambo mengi kwa pamoja, nao wakalichukua lililokuwepo. Lakini tangu siku hiyo neno la waganga likawa neno la makuhani. Aliyekuwa na magamba sasa alikuwa na unajisi. Waandishi wa Injili, wakiandika Kigiriki, walitumia neno hilo hilo, na Jerome alipotafsiri Biblia kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa ile ya 5, akaliacha lilivyo: lepra. Biblia yetu ya Union Version ikafuata njia hiyo na kuandika ukoma.

Ugonjwa wa tembo

Na ukoma wenyewe, ule tunaoujua, Wagiriki waliuitaje? Waliuita elephas au elephantiasis, yaani ugonjwa wa tembo, kwa kuwa ngozi ya mgonjwa aliyezidiwa hukakamaa na kufanya mikunjo kama ngozi ya mnyama huyo. Tabibu Aretaeus wa Kapadokia, aliyeandika katika karne za kwanza baada ya Kristo, ameacha maelezo marefu ya ugonjwa huo. Mrumi Pliny naye alisema ulikuwa mgeni katika Italia, umeingia karne moja tu kabla yake. Kwa hiyo wakati wa Kristo kulikuwa na maneno mawili kwa hali mbili tofauti: lepra kwa magamba, elephantiasis kwa ukoma.

Kuna jambo la kuongeza hapa. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba katika kaburi moja la karne ya kwanza huko Yerusalemu walikuta mabaki ya mtu yenye chembe za urithi za kijidudu cha ukoma. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale waliomwendea Yesu aliyekuwa na ukoma wa kweli. Tunachoweza kusema ni kwamba neno lenyewe halituambii nani alikuwa nao.

Maneno hayo mawili yalichanganyika baadaye sana, na waliochangia ni watafsiri tena. Matabibu walioandika Kiarabu walikuwa na judham kwa ukoma, na kando yake daa al-fil, yaani ugonjwa wa tembo, kwa uvimbe wa miguu. Katika karne ya 11 vitabu vyao vilianza kutafsiriwa kwa Kilatini. Mmoja wa watafsiri hao alikuwa Constantine, mtu wa Afrika Kaskazini aliyekuwa mtawa katika monasteri ya Monte Cassino, Italia. Penye judham pakaandikwa lepra, na ule ugonjwa wa tembo wa Waarabu ukalichukua jina elephantiasis. Hapo ndipo ukoma wa kweli ulipoanza kuitwa kwa jina lililokuwa limebeba sura zote mbili za Mambo ya Walawi. Mgonjwa wa mishipa ya fahamu akavishwa vazi la najisi.

Kiswahili kimeokoka katika mchanganyiko huo, na tushukuru. Miguu iliyovimba tunaiita matende, ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Ukoma tunauita ukoma, na kamusi zetu bado zinalo neno jedhamu, ambalo ni lile judham la Waarabu lililofika pwani. Mtu wa pwani hachanganyi matende na ukoma. Madaktari wa Ulaya walichanganya kwa karne nyingi.

Nje ya mji

Yaliyofuata Ulaya mnayajua kwa sehemu. Nyumba za kuwatenga wagonjwa zilijengwa nje ya miji, nyingi zikipewa jina la Lazaro, yule maskini wa Luka 16 mwenye vidonda. Luka hasemi popote kwamba Lazaro alikuwa na ukoma. Watu walimpa wao. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliwakemea viongozi wa kanisa waliowanyima wagonjwa makanisa na makaburi, ukaagiza kwamba wakiwa wengi pamoja wawe na kanisa lao, makaburi yao na padri wao. Ilikuwa huruma, nasi tusiidharau. Lakini ni huruma iliyokubali kwanza kwamba hawa hawawezi kuketi pamoja na wengine. Nani anajua ni wangapi katika nyumba hizo walikuwa na soriasisi au mabaka tu, wakakaguliwa kwa sura ya 13 na kufungiwa hadi kufa?

Bergen, 1873

Mwaka 1873, mjini Bergen, Norwe, daktari Gerhard Armauer Hansen aliona kwa darubini vijidudu vyenye umbo la fimbo katika vinundu vya wagonjwa wake. Siku hizo madaktari wengi waliamini ukoma hurithiwa katika ukoo. Hansen alisema ni maambukizi, na alikuwa sahihi. Kijidudu hicho ni kivivu mno: huchukua karibu wiki mbili kugawanyika mara moja, na mtu anaweza kukaa miaka 5, hata 20, kabla ya kuona dalili. Huenea kwa matone ya pua na mdomo kwa watu walioishi karibu na mgonjwa asiyetibiwa kwa muda mrefu. Kupeana mkono, kula pamoja au kukaa benchi moja kanisani hakuambukizi. Na watu walio wengi sana miili yao hukishinda bila hata wao kujua.

Kwa ajili ya Hansen, wengi wamependa kuacha neno lepra na kusema ugonjwa wa Hansen. Brazili ilitunga sheria mwaka 1995 kulipiga marufuku neno hilo katika nyaraka za serikali. Nawaelewa. Ila Hansen mwenyewe, mwaka 1880, alihukumiwa na mahakama ya Bergen kwa kumchoma mgonjwa mwanamke jichoni kitu kilichotoka katika kinundu cha mgonjwa mwingine, bila ridhaa yake, akapoteza kazi yake hospitalini hapo. Kwa hiyo jina hilo nalo lina doa. Majina safi ni haba.

Maneno yetu sisi

Tuje nyumbani. Wapo wanaoshauri tuache neno ukoma katika Kiswahili. Kwa maoni yangu haifai. Ukoma ndilo neno lililoandikwa kwenye kadi za kliniki na mabango ya zahanati, na mtu mwenye baka mkononi lazima alisikie neno analolijua ili aje mapema. Linalopaswa kuondoka ni "mkoma" na "wakoma". Neno la namna hiyo linamchukua mtu mzima na kumfanya awe ugonjwa wake, na halimwachi hata akiisha kupona. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kukomesha ubaguzi, nalo linasema watu walioathiriwa na ukoma. Ni maneno marefu, lakini kalamu inayatosha. Kwa kila siku, "mwenye ukoma" kwa anayetibiwa na "aliyepona ukoma" kwa aliyemaliza dawa yatafaa.

Hili si jambo la sarufi tu. Tiba ya dawa mchanganyiko ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1981, na tangu 1995 hutolewa bure kwa nchi zinazohitaji. Mgonjwa hutumia dawa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na muda mfupi tu baada ya kuanza haambukizi tena. Mwaka 2024 Yordani ilithibitishwa na WHO kuwa nchi ya kwanza kuutokomeza. Pamoja na hayo, mwaka 2023 wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 waliandikishwa duniani, na Tanzania na Kongo zimo katika orodha ya WHO ya nchi 23 za kipaumbele. Dawa ipo, basi kwa nini mtu anachelewa mpaka vidole vimepinda? Mara nyingi ni kwa sababu anajua akiisha kuitwa jina lile, binti yake haolewi na biashara yake ya chakula imekufa. Anafunga kitambaa mkononi na kunyamaza.

Kwa wafadhili wetu, neno moja la wazi. Picha ya mkono usio na vidole huleta fedha haraka, tunalijua hilo. Lakini picha hiyo inafundisha kosa lile lile la zamani, kwamba ukoma hula nyama. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia mwaka 1946, alionyesha kwamba vidole haviozi vyenyewe. Mishipa ya fahamu hufa, mtu hasikii maumivu, anashika sufuria ya moto au kukanyaga msumari bila kujua, kidonda kinaingia wadudu na mfupa unaliwa polepole. Kwa hiyo kiatu chenye soli laini na kishikio cha sufuria ni msaada wa kweli, ingawa havipendezi kwenye bango. Mtutumie picha za viatu tutaziweka.

Kwa kamati za parokia, tunapendekeza mambo haya yaanze robo hii. Pitieni rejesta, taarifa na matangazo ya zamani mwone maneno mliyotumia. Mwombeni mhudumu wa afya aje baada ya ibada aonyeshe namna ya kupima baka kwa ncha ya pamba: baka lililopauka au jekundu, lisilowasha, lisilosikia mguso, lipelekwe zahanati bila kungoja. Na familia zinazoishi na mgonjwa ziulize juu ya dozi moja ya rifampisini ya kuzuia, ambayo WHO iliipendekeza mwaka 2018 kwa waliokaa karibu na mgonjwa.

Siku ya Ukoma Duniani huwa Jumapili ya mwisho ya Januari; ilianzishwa na Mfaransa Raoul Follereau na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1954. Mhubiri atakayepewa zamu siku hiyo asome Luka 17:11-19 pamoja na wanakamati kabla ya kupanda mimbarini. Wote kumi walitakasika, na neno la Kigiriki hapo ni la usafi, lile la makuhani wa Walawi. Yule Msamaria mmoja aliporudi, Luka anabadili neno na kusema aliona kwamba amepona, na hilo ni neno la waganga. Mjadili kwa nini Luka ametumia maneno mawili, na ni lipi kati ya hayo ambalo parokia yenu imekuwa ikimnyima mtu aliyekwisha kumaliza dawa zake.